Kuhamia porini na wapendwa wenzako mkajitegemee: mwongozo kutoka huku Tabora

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii naandika kwa wale wenye mzigo wa kuishi kijumuiya, yaani familia kadhaa za waamini mnatafuta eneo moja, mnalima pamoja, mnaabudu pamoja, maji yenu wenyewe, umeme wenu wenyewe, hamna Luku wala bili ya maji. Mimi nipo Uyui huku, sisi ni jumuiya ndogo tu, na nimeshaona zinazosimama na zinazosambaratika. Zinazosambaratika mara nyingi njaa haihusiki kabisa, ni ugomvi wa ghala, ni shamba kuandikwa jina la mtu mmoja, na ni watu waliotaka kuondoka wakakuta hawawezi. Kwa iyo naanza na mlango wa kutoka alafu ndo tunaenda kwenye maji na sola, najua ndo mnachotaka kusikia ila vumilieni kidogo.

HATUA YA KWANZA: KAENI MUANDIKE, KABLA HAMJANUNUA HATA PANGA

Kila mtu anayekuja na wazo hili anafungua Matendo ya Mitume sura ya 2 na ya 4, waamini walikuwa na vitu vyote shirika, watu wakauza mashamba wakaleta hela miguuni pa mitume. Safi. Ila endelea sura ya 5, kisa cha Anania na Safira, Petro anamwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chako, na hata baada ya kuuza hela ilikuwa mikononi mwako. Yaani hawakulazimishwa kuuza, kosa lao lilikuwa uongo. Watu wengi wanaruka hapo, alafu mchungaji anasimama anasema uza nyumba yako ya mjini Ipuli ulete hela yote. Ukisikia hivo, na hamna karatasi yoyote inayosema ukiondoka unapata nini, chukua begi lako mapema.

Huku Tabora Wamoravian tunawajua wote, ni kanisa la wazee wetu, ila wengi hawajui kwamba uamsho wao ulitokea kwenye kijiji cha hivi hivi. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walianza kujenga Herrnhut, huko Ujerumani, kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila Mkristo aliyewapokea. Miaka mitano tu walikuwa wamegombana vibaya, madhehebu tofauti, kila mtu na msimamo wake. Mei 1727 wakakaa wakasaini makubaliano ya namna ya kuishi pamoja, na ule mmiminiko wa Roho wanaouadhimisha mpaka leo ni wa Agosti 13 mwaka huo huo. Ona mpangilio, karatasi Mei, moto Agosti. Mtu akikuambia kuandika sheria ni kukosa imani mpe hiyo.

Kwenye hiyo karatasi yenu wekeni haya.

Nini ni cha wote: ardhi, kisima, ghala, zana kubwa, ng'ombe wa kulimia, mizinga.

Nini ni cha kaya: nyumba, vyombo, nguo, kuku, kabustani ka nyuma ya nyumba, simu, na akiba yake benki. Msithubutu kugusa kuku wa mama mwenye nyumba mkasema ni wa jumuiya. Kuku ndo benki yake, na ndo heshima yake mgeni akija.

Anayeingia anakaa muda gani kabla ya kuwa mwanachama kamili. Wabenedikto, wale watawa wa Kikatoliki, wana kanuni ya karne ya 6 na hapa wametuzidi wengi wetu akili: mgeni anajaribiwa mwaka mzima, anasomewa kanuni zaidi ya mara moja, anaambiwa kama unaiweza ingia, kama huiwezi uko huru kwenda. Na kuna kitu kidogo nakipenda sana humo, nguo alizokuja nazo hawazitupi wala hawazigawi, zinawekwa stoo, ili siku akiamua kuondoka avae zake aende. Sasa nyie nguo zenu ni hela. Mchango wa kuingia uandikwe kiasi, na iandikwe akiondoka anarudishiwa kiasi gani na ndani ya miezi mingapi. Sisi mwaka wa kwanza wa majaribio mtu haleti hela yoyote, analeta jembe na mikono.

Na kitambulisho chake cha NIDA, simu yake, kadi yake ya benki, vyeti vya watoto, vinakaa kwake. Hamna kiongozi wa kumtunzia. Hii haina mjadala.

Alafu idadi. Wahutterite wa Kanada na Marekani, Wakristo walioanza kuishi kwa mali ya pamoja karne ya 16, koloni (yaani kijiji chao) ikikaribia watu 150 wanagawanyika, nusu wanaenda kuanza eneo jipya. Nyie anzeni kaya 5 mpaka 8. Chini ya hapo mtu mmoja akiugua malaria kazi imesimama, juu ya hapo mikutano haiishi.

HATUA YA PILI: NENDA SERIKALINI NA KWA MAJIRANI, UENDE MWENYEWE KABLA HAWAJAKUFUATA

Baada ya Shakahola, pale Kilifi Kenya mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwa watu walioambiwa wafunge mpaka wafe, hakuna mkuu wa wilaya atakayesikia watu wa dini wamehamia porini akalala usingizi. Na wazee wanakumbuka Kanungu Uganda, Machi 2000, mamia ya watu waliungulia kanisani. Usikasirike ukiulizwa maswali. Wana haki ya kuuliza, na ukiona jumuiya inakasirikia maswali hayo hiyo ndo ya kuikimbia.

Utaratibu wenyewe: mkitoka mlikotoka beba barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Ukifika anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, alafu mtendaji wa kijiji, alafu kata. Kikundi cha uzalishaji mnaweza kukisajili halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, ni rahisi. Mkitaka kuwa kanisa au jumuiya ya dini inayojitegemea hiyo ni kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, inachukua muda, na ushauri wangu ni kaeni chini ya kanisa lenu mlilotoka, mchungaji wa nje awe anakuja kuwakagua. Mtu wa nje mwenye mamlaka ya kumwambia kiongozi wenu hapa umekosea, hiyo ni dawa kubwa kuliko katiba.

Kwa wa upande wa Kigoma, Kasulu, Kibondo, Buhigwe huko, ongezeni uhamiaji. Mpaka uko karibu, kambi za wakimbizi zipo, kundi la sura ngeni kwenye kijiji lazima liulizwe. Kila mtu awe na NIDA, na kama kuna ndugu Mrundi au Mkongo kati yenu mambo yake ya kibali yakae sawa kabla hajalala usiku mmoja.

Kitu kingine, neno kuishi pamoja kwa wazee wa huko lina historia. Kigoma operesheni ya vijiji ilianza mapema, 1972, watu wakabebwa na malori kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, wengine nyumba zao zikabomolewa nyuma yao. Kabla ya hapo kulikuwa na watu kule Ruvuma, Litowa, walioishi ujamaa kwa hiari yao wenyewe na ukawaendea vizuri, chama chao kikapigwa marufuku 1969. Kwa iyo mzee akikuangalia kwa jicho la pembeni mwambie mapema: kwetu hakuna aliyeletwa na lori.

HATUA YA TATU: ARDHI

Usinunue kwa dalali wala kwa mtu mmoja mnayesaini naye kwenye daftari chini ya mwembe. Ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari unaandikwa, na eneo likiwa kubwa maamuzi yanapanda ngazi ya juu. Ombeni nakala ya muhtasari. Kuna hela ya kijiji mtatoa, dai risiti. Raia wa nje hamiliki ardhi ya kijiji, kwa iyo kama mna mfadhili mzungu asiandikwe popote.

Iandikwe kwa jina la nani? Sio la mchungaji. Sio la mwenye hela nyingi. Kuna njia ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), au hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la kikundi, ulizeni afisa ardhi wa wilaya ipi inawafaa. Kaya moja moja nayo ikipata kipande chake cha nyumba na hati yake, bora zaidi, mjane hafukuzwi.

Alafu hifadhi. Tabora imejaa misitu ya hifadhi, na watu wanauziwa kila siku ndani ya vigingi. Unaona pori zuri, miyombo na mininga imesimama, bei ya kutupa, unamshukuru Mungu, kumbe ni ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, mwaka wa pili wanakuja wanachoma vibanda. Nenda ofisi ya misitu ya wilaya na ramani au na jina la kitongoji, tembea na mgambo wa kijiji uone vigingi kwa macho yako.

Eneo lenyewe litazame mara mbili, Oktoba na Februari. Oktoba uone maji yamebaki wapi, Februari uone mbuga, yaani bonde tambarare linalotuama maji, inajaa mpaka wapi. Muuzaji atakuita Mei wakati kila kitu ni kijani na kisima kimejaa, usiende Mei.

HATUA YA NNE: MAJI, NA HAPA PIGENI HESABU KWELI

Tuseme nyie ni kaya 8, watu 40. Lita 20 kwa mtu kwa siku, hiyo ni ya kubana, kunywa kupika kuoga na kufua. Ni lita 800 kwa siku. Huku kiangazi ni kama siku 180, Mei mpaka Oktoba mvua karibu hamna, kwa iyo mnahitaji lita 144,000 kuvuka.

Sasa paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mvua ya Tabora chukulia milimita 900 kwa mwaka, paa la ukumbi wa ibada mita za mraba 100, toa asilimia 20 ya kumwagika, unapata lita 72,000. Paa halitoshi kwa yote. Ila maji ya kunywa na kupikia pekee, lita 5 kwa mtu, kiangazi chote ni lita 36,000 tu, na hayo paa moja linayatoa bila shida. Kwa iyo mgawanyo ni huu: tenki za lita 10,000 nne zinazojaa msimu wa mvua mpaka Aprili, zifungwe kufuli, ni za kunywa na kupikia tu, na kisima kwa mengine yote.

Gata wekeni kabla mvua hazijaanza, na mvua mbili tatu za kwanza zisiingie tenkini, bati limebeba vumbi la miezi sita na kinyesi cha ndege. Chukua bomba la inchi nne lisimame wima kabla ya tenki, chini lina kifuniko cha kufungua, maji ya kwanza yanajaa humo kisha masafi ndo yanapanda kwenda tenkini, mkimaliza mnafungua mnamwaga. Mdomo wa tenki uzibe na wavu wa mbu. Na yachemsheni au muweke dawa, maji ya tenki yaliyokaa miezi mitano sio ya kuyaamini kwa macho.

Kisima: Tabora chini ni mwamba wa granite, unaweza kuchimba sehemu moja ukapata na hatua hamsini pembeni ukakuta jiwe kavu. Ulizeni wazee visima vya zamani vilikuwa wapi, angalieni kando ya mbuga. Kikichimbwa kwa mkono kichimbwe Septemba na Oktoba, maji yakiwa chini kabisa, ukipata hapo umepata. Wekeni ringi za zege, mfuniko, na sakafu ya zege inayomwaga maji mbali. Msiingize mtu shimoni pump ya mafuta ikiwa inaunguruma humo ndani, ule moshi unaua kimya kimya na anayemfuata kumwokoa anakufa pia. Choo kiwe upande wa chini wa mteremko, mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

HATUA YA TANO: CHAKULA NA GHALA

Mtu mzima anayeshika jembe anakula unga nusu kilo kwa siku, mwaka ni kilo 180 hivi. Kwa watu wazima 16 na watoto 24 tuseme watoto kilo 100 kila mmoja, mnakaribia kilo 5,300, gunia 53 za mahindi. Bila mbolea ya dukani eka ikikupa gunia 8 shukuru, kwa iyo ni eka 7, limeni 10 mana kuna mwaka mvua inakata Januari. Na msikae na mahindi peke yake. Mhogo unavumilia, mtama unavumilia, karanga, choroko, kunde. Viazi vitamu ndo mkombozi wa Wanyamwezi, unavikata unavianika vinakuwa michembe, au unachemsha kwanza ndo unaanika vinakuwa matobolwa, vinakaa mpaka Desemba huko. Majani ya kunde yakaushwe yawe nsansa. Dada wa mjini anayeyadharau atayakumbuka Novemba wakati shambani hamna hata jani la kuchuma.

Sasa adui. Dumuzi, wengine wanamwita Scania, yule mdudu anayegeuza mahindi kuwa vumbi, kwa Afrika mashariki alianza kuonekana mkoa huu huu wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 70, inaaminika alikuja na mahindi ya nje. Kwa iyo huku ndo nyumbani kwake. Mahindi yaliyo kwenye gunzi anayapenda zaidi, pukuchueni, anikeni yakauke kabisa (chukua punje chache na chumvi kavu tikisa kwenye chupa kavu, chumvi ikinata kwenye chupa bado yana maji), alafu yaingie mifuko ya PICS ile ya tabaka tatu, unatoa hewa, unafunga kila tabaka peke yake. Mdudu aliyemo anakosa hewa anakufa, hamna dawa ya kula na ugali. Ukishafunga usifungue fungue. Na panya akitoboa mfuko kazi imeisha, kwa iyo vichanja viwe juu ya sakafu na mbali na ukuta.

Ghala lina funguo mbili, kwa watu wawili wa kaya tofauti, na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga hawakukosea. Kila gunia linalotoka linaandikwa siku hiyo hiyo, na daftari linakaa mezani ukumbini kila mtu alisome, hata kijana wa miaka 12. Kanuni ya Benedikto inamwambia mtunza stoo avione vyombo vya nyumba kama vyombo vya altareni, na kweli, siku utakayoona jembe la jumuiya limelala mvuani shambani wiki nzima na hakuna aliyeliokota, hapo tayari kuna watu wameshaondoka mioyoni.

HATUA YA SITA: UMEME

Hapa watu wanapoteza hela kwa kununua kwa macho. Paneli ya wati 300 kwa jua la huku, masaa matano ya jua kali, toa hasara, inakupa kama wati-saa 1,000 kwa siku. Taa 24 za wati 5 kwa masaa manne ni 480, simu 16 ni kama 160, redio na laptop weka 200. Inatosha, ila friji hamna, pasi hamna, na kijana anayekuja na subwufa arudi nayo mjini. Betri ya lithiamu ya volti 12 Ah 100 inatunza wati-saa 1,200 na kitu, za jeli ukubwa huo huo msitumie zaidi ya nusu la sivyo zinakufa haraka. Msivute waya wa volti 12 kwenda nyumba iliyo mita 100, umeme unaishia njiani, bora kila kaya iwe na seti yake ndogo ya sola ya taa tatu na ukumbini pawe na mfumo mkubwa wa kuchaji. Pampu ya maji iwe na paneli zake, isukume mchana kupeleka tenki la juu, maji yaliyo juu ndo betri yake. Paneli funga kwa nati za kukata kichwa (ukishakaza kichwa kinakatika, spana haishiki tena), wezi wapo hata porini.

HATUA YA SABA: NYUMBA

Fupi. Msichome tofali, tanuru moja linameza miti ambayo mnaihitaji kwa nyuki. Kuna tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, mashine ya mkono, vijana wawili. Udongo wa kichuguu ni mzuri. Msingi wa mawe, na mchwa muwafikirie kabla ya mbao.

HATUA YA NANE: HELA, MANA CHUMVI HAIOTI

Hakuna jumuiya inayojitegemea kwa kila kitu, mtanunua chumvi, sabuni, kiberiti, dawa, bando, nguo za shule, nauli. Andikeni orodha ya vitu hivyo kwa mwaka mjue mnatafuta hela kiasi gani, alafu mchague kitu kimoja au viwili vya kuuza. Kwa Tabora ni asali na nta, hakuna ubishi. Msitumie mizinga ya magome, kila mmoja ni mti umekufa, tumieni ya mbao ile ya kisasa, mkaning'iniza mita 200 au 300 kutoka kwenye nyumba na njia ya watoto. Kuvuna baada ya mvua kuisha, kati ya Mei na Julai kutegemea na maua, usiku au jioni, moshi kidogo, na muwaachie nyuki chakula. Asali iliyovunwa mbichi inachacha na mnunuzi akishaikuta mara moja harudi. Nta msitupe, wengi wanatupa.

Tumbaku tulikataa. Inalipa, sidanganyi, lakini ukaushaji wake unakula kuni, na mkopo wa pembejeo unawafunga, na wengine tuna dhamiri nayo. Ndugu wa Kigoma nyie mna michikichi, mawese mnakula na kuuza, mna dagaa, chumvi ya Uvinza iko mlangoni. Reli ya kati ipo kati yetu, asali yetu ishuke huko, mawese yapande huku.

Na uzeni kwa majirani na mnunue kwao. Jumuiya isiyonunua hata nyanya kijijini ndo ile inayoanza kusemwa kwamba inakula watu.

HATUA YA TISA: AFYA NA WATOTO

Malaria huku sio utani. Chandarua kila kitanda, homa kwa mtoto ni kipimo siku hiyo hiyo, dawa ya mseto mpaka vidonge viishe. Mjamzito aende kliniki na ajifungulie kituo, kwa iyo pikipiki moja ya jumuiya iwe na mafuta muda wote, lita tano hazitolewi kwa safari ya mnadani. Tunaombea wagonjwa, tunawapaka mafuta, na tunawapakia kwenye pikipiki. Kiongozi anayesema chagua kimoja huyo hafai kuongoza hata mbuzi.

Mbung'o: maporini ya Urambo, Kaliua, Sikonge na kule Kibondo wapo, wanaleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Wanafuata rangi ya bluu na nyeusi, ndo mana mitego yao inashonwa kwa vitambaa hivyo, kwa iyo ukienda kwenye mizinga vaa kaki. Homa isiyosikia dawa ya malaria na kichwa kisichopoa, mwambie daktari umetoka porini kwenye mbung'o, apime damu kwa darubini.

Watoto waende shule ya kijiji. Najua kuna wanaotaka kufundishia ndani kwa sababu ya imani, ila sheria inataka mtoto awe shule, na zaidi ya hapo mtoto anayesoma na wenzake kijijini atakuwa na marafiki, atajua dunia, na akifika miaka 18 akichagua kubaki mtajua kachagua.

HATUA YA KUMI: KAZI NA UGOMVI

Kwenye Matendo 6 jumuiya ya kwanza kabisa ilipata ugomvi, na ulikuwa wa nini? Chakula. Wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye mgawo. Mitume hawakuhubiri juu ya uvumilivu, walisema chagueni watu saba, na ukiangalia majina yao ni ya Kiyunani, yaani waliokuwa wanalalamika ndo walipewa usimamizi. Fanyeni hivo hivo. Anayelalamikia mgawo mpe daftari.

Kazi za akina mama angalieni sana. Wanaume tunapenda kupanga, tunakaa chini ya mti tunajadili maono, wakati huo kuna dada ameamka saa kumi usiku, ameteka maji, amekoka moto, ameenda shamba, amerudi kupika watu 40. Jiko la pamoja liwe la chakula kimoja kwa siku, zingine kila kaya ijipikie, na zamu ya jiko na kuosha masufuria iwe na majina ya wanaume, yabandikwe ukutani.

Ibada asubuhi fupi, jioni ndefu. Jumamosi au siku mtakayochagua pawe na kikao cha saa moja: daftari la ghala linasomwa kwa sauti, la hela linasomwa, alafu yeyote mwenye neno na mwenzake aseme hapo kabla ya kushiriki meza ya Bwana. Uongozi uwe wa miaka miwili, na mwenye kuhubiri asiwe ndiye mwenye kushika hela.

KUHUSU RATIBA YA KUHAMA

Msihame wote mara moja. Mwaka wa kwanza waende wanaume na wanawake wachache wanaoweza kazi, kiangazi, Julai mpaka Oktoba: kisima, choo, ghala, gata, tenki, vibanda viwili. Novemba mvua zikianza mlime na kupanda, watoto na wazee bado wako mjini. Wanaobaki mjini waendelee na kazi zao watume hela. Aprili mpaka Juni mnavuna, mnapukuchua, mnahesabu magunia, na hapo ndo mnaamua kaya ngapi zinaweza kuja kulingana na magunia, sio kulingana na hamasa ya kongamano. Watakaotangulia waje na chakula cha miezi sita, mbegu, majembe na mipini ya ziada, panga, kamba, chandarua, kipimo na dawa ya malaria, redio, tochi za sola, na daftari mbili, moja la ghala na moja la hela. Vyumba vyenu vya kupanga mjini msivirudishe mpaka mavuno ya kwanza yawe ndani ya mifuko.